Dawa ya Mifupa Ipimwe Sawasawa
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kilakala, Morogoro)



Nimeombwa niseme juu ya afya ya mwanamke aliyekoma hedhi. Wanafunzi msicheke, ni habari yenu pia, ila zamu yenu haijafika. Nitashika jambo moja tu, nalo ni dawa za mitishamba za Kichina zinazouziwa akina mama kwa ajili ya mifupa.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa huliwa upesi kuliko unavyojengwa. Hauumi. Mama wa Uluguru aweza kushuka mlima na mkungu wa ndizi miaka kumi bila kujua lolote, mpaka siku ateleze kidogo na nyonga ivunjike. Basi mtu akikuambia, "Nimekunywa mwezi mmoja, najisikia vizuri," hajakuambia neno juu ya mifupa yake.

Wachina wenyewe wamelipima jambo hili. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wanawake 100. Kundi moja lilipewa viini vya mmea uitwao yinyanghuo, jingine vidonge vilivyofanana navyo visivyo na dawa, na wote walipewa kalsiamu. Si wao wala waganga waliojua nani kapewa kipi. Baada ya miezi 24 walikuwa wamebaki 85. Uti wa mgongo wa wenye dawa haukupungua uzito. Wa wenzao ulipungua asilimia 2.4. Ni kazi nzuri, nami naisifu.

Lakini uzito wa mfupa si ugumu wake. Marekani, mwaka 1990, yalitolewa matokeo ya jaribio la miaka minne la wanawake 202, ambapo baadhi yao walipewa floridi. Uti wao wa mgongo uliongezeka uzito kwa asilimia 35! Hata hivyo hawakuokolewa na kuvunjika uti, na mifupa mingine ilivunjika zaidi kuliko ya wale wasiopewa. Ndugu zetu wa Arusha na Meru, ambako maji yana floridi nyingi, wasingeshangaa: wanayajua meno ya kahawia na miguu iliyopinda. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwuzaji ni hili: waliotumia, wangapi walivunjika, na wasiotumia, wangapi?

Tena, kilichopimwa mwaka 2007 ni viini vilivyojulikana kwa miligramu. Kopo la sokoni lina mchanganyiko wa majani na mizizi ambao haukuwamo katika jaribio lile. Na likituliza maumivu kwa siku mbili, mimi naliogopa zaidi. Dawa nyingine za mitishamba, katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimetiwa steroidi kwa siri, na steroidi ikitumiwa muda mrefu hula mifupa ile ile.

Mabinti, mfupa hujengwa zaidi kabla ya miaka 30. Kuleni dagaa na maziwa, mcheze netiboli. Dada zangu, mwendapo hospitali chukueni na kopo lenyewe, daktari alione.

Nakaribisha maswali, hata yale ya kunong'ona.