Ukimpa Umpendaye Bastola



Kwetu mtu anayemnunulia mkewe khanga haangalii rangi peke yake. Huikunjua pale pale dukani akasoma maandishi yake, maana anajua kwamba ikishafika nyumbani khanga ile itasema, na itakayoyasema yatahesabiwa kuwa yametoka kinywani mwake yeye. Wako waliopeleka khanga nzuri yenye maneno mabaya, zawadi ikazua ugomvi. Leo nataka tuzungumze juu ya zawadi nyingine ambayo nayo ina maneno yake, ingawa hayakuchapwa popote. Nayo ni bastola.

Najua wako watakaoshtuka. Hapa kwetu bastola si kitu cha kufungwa katika karatasi ya maua. Iwe Tanzania, iwe Kenya, silaha huenda na leseni, na leseni ni ya mtu aliyeiomba. Huwezi kumkabidhi mwenzio bastola kama unavyomkabidhi saa ya mkononi. Mkifanya hivyo mnaweza kujikuta wote wawili mbele ya hakimu.

Marekani mambo ni mengine. Kule duka la silaha lina pilikapilika zake za Krismasi kama lilivyo duka la viatu. Baba humnunulia bintiye anayekwenda kuanza kazi, mume humnunulia mkewe, watoto humnunulia baba anayestaafu. Sheria ya shirikisho inaruhusu mtu kununua silaha kwa fedha yake mwenyewe na kuitoa zawadi, mradi mpokeaji si mtu aliyekatazwa kumiliki silaha. Akiwa anakaa jimbo jingine, bastola hiyo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa huko. Kinachokatazwa ni kujiandika kuwa wewe ndiwe mnunuzi hali unamnunulia mwingine kwa fedha zake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa rufani ya mtu aliyefanya hivyo kwa ajili ya ndugu yake, ijapokuwa wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki silaha.

Nayasema haya kwa sababu jambo lenyewe limefika katika ukoo wangu. Ninaye mpwa wangu anayeishi Texas. Yeye na mkewe wana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria haiwazuii. Mkewe anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yake huisha saa tano za usiku. Akitoka hapo huvuka uwanja mpana wa magari peke yake, na mwezi mmoja uliopita gari la mfanyakazi mwenzake lilivunjwa kioo pale pale.

"Mjomba," aliniambia kwenye simu, "nataka nimpe mama watoto rivolva siku ya kuadhimisha ndoa yetu. Nimeshaiona dukani. Ndogo, nyepesi, hata mkoba hausikii uzito. Unasemaje?"

Ndugu wasikilizaji, ni rahisi mtu aliyeketi hapa kumcheka kijana huyo. Mimi sikumcheka. Hofu yake ni ya kweli, na mume asiyemhofia mkewe usiku wa manane ni mume gani? Lakini nilimwomba tuisome kwanza zawadi yenyewe.

Rivolva ni ile bastola yenye pipa dogo linalozunguka, lenye matundu matano au sita, kila tundu na risasi yake. Wauzaji hupenda kumshauri mgeni wa silaha aanze na hiyo kwa kuwa mambo yake si mengi. Ukivuta kifyatulio, pipa linazunguka na nyundo inapiga. Risasi moja ikigoma, unavuta tena na pipa linaleta nyingine.

Hizo ndizo sifa zake. Sasa tuangalie yale ambayo mume anayechagua kwa macho hayaoni. La kwanza, wepesi ule anaousifu ndio adhabu yake. Risasi ni ile ile, lakini chuma cha kupokea kishindo kimepungua, kwa hiyo teke lote linaishia katika kiganja cha mpigaji. Bastola ndogo inayoonekana kufaa mkono mdogo mara nyingi ndiyo inayouumiza zaidi mkono huo. La pili, kifyatulio cha rivolva ndogo ni kigumu. Huhitaji nguvu ya kadiri ya kilo tano kukivuta, na kidole kisichozoea hutikisa mtutu wote ukaacha shabaha. La tatu, nyingi hazina kitufe cha kuzizuia zisifyatuke. Matokeo yake ni kwamba mama hupiga mara moja au mbili, mkono ukamuuma, akaitupia katika mtoto wa meza asiitazame tena. Ulinzi haupo, lakini bastola yenye risasi ipo nyumbani.

Na tusidhani kwamba zawadi ya namna hii haijapata kuelekea kwetu. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma meli yake, Sultana, kutoka Unguja hadi New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Alimpelekea rais wa Marekani zawadi, na miongoni mwake mlikuwa na lulu na farasi wawili. Wamarekani nao wakarudisha wema kwa mashua ya fahari, na pamoja nayo silaha za kupiga mfululizo za Samuel Colt, yule aliyesajili uvumbuzi wa rivolva yake nchini mwake mwaka 1836. Zile zilikuwa zawadi za dola kwa dola. Hakuna aliyetazamia kwamba Seyyid angezitia mkobani akavuka nazo uwanja usiku.

Colt huyo huyo alikuja kuijua sana kazi ya zawadi. Katika miaka ya vita vya Crimea alimpa Sultani Abdulmejid wa Uturuki rivolva iliyotiwa nakshi za dhahabu, na mwaka 1854 akampa Tsar Nicholas I wa Urusi za kwake, hali wawili hao ni mahasimu. Maneno ya zawadi ile yalikuwa wazi: mwenzako anazo, wewe je? Ilikuwa zawadi ya kuuza hofu, na hofu ikanunua bunduki. Ndiyo maana namwambia kila anayeingia dukani na fedha mkononi ajiulize kwanza: haya maneno ninayompelekea nimpendaye ni yangu, au ni ya mwenye duka?

Kwa maana hesabu za Marekani zenyewe zinasema jambo ambalo mwenye duka halisemi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa nchini humo kwa risasi, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na mtu, walijiua. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia watu wazima wapatao milioni 26 wa jimbo la California. Mwaka 2020 walieleza kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi mara 8 zaidi ya wanaume wasio nazo. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Mwaka 2022 wakatoa habari nyingine: mtu asiye na bastola anayeishi nyumba moja na mwenye nayo alikuwa katika hatari mara 7 zaidi ya kupigwa risasi na kufa mikononi mwa mume, mke au mpenzi wake.

Sisemi kwamba chuma ndicho kinacholeta huzuni au hasira ndani ya nyumba. Huzuni hufika kila nyumba na aghalabu hupita. Lakini bastola haimpi mtu nafasi ya kungoja ipite. Mume ananunua akimfikiria mwizi wa uwanjani, hali silaha itakaa saa chache uwanjani na miaka mingi chumbani.

Basi nilimwambia mpwa wangu neno moja: muulize mwenyewe. Usimshtukize. Khanga unaweza kumshtukiza nayo mtu, bastola huwezi. Kama anaitaka, aende mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha, ajaribu ndogo na kubwa, mkono wake ndio uchague. Ajifunze, na liwepo sanduku la chuma lenye kufuli kabla bastola haijavuka kizingiti.

Alimuuliza. Mama yule hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza itakaa wapi, maana wana wavulana wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine kumi na mitatu, na hakuna kabati ambalo hawajalifungua. Kisha akasema kwamba wafanyakazi wa zamu yake wameandika barua kuomba taa ziongezwe uwanjani na mlinzi awasindikize, na mumewe hakupata hata kumuuliza habari hiyo. Mpaka nasoma maelezo haya wangali wanazungumza, na mazungumzo yenyewe mimi nayaona ni mwanzo mwema.

Wengi wetu tuna ndugu na watoto katika nchi ambako kitu hiki kinauzwa mchana kweupe. Wakituomba shauri, tusiwahubirie wala tusiwacheke. Tuwakumbushe tu kwamba anayepewa silaha amepewa kazi: ya kuilinda saa ishirini na nne, kila siku, mpaka mwisho. Kazi kama hiyo mtu huombwa kwanza, akakubali mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.