Jiko Litoke Chumbani Kabla ya Kulala

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi katika baraza, Kinangop

Mimi ni afisa wa habari, si daktari, na sikuja na hotuba ndefu. Nataka tuzungumze kuhusu zile saa chache za jioni, tangu ng'ombe anapokamuliwa mpaka taa inapozimwa.

Huku kwetu Nyandarua, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai haina mzaha. Kwa hivyo jiko la makaa hufanya kazi mbili. Linaivisha githeri, kisha familia inalizunguka: mama anachagua maharagwe ya kesho, mtoto anamalizia kazi ya shule, baba anafuatilia taarifa ya habari ya saa moja. Ni wakati mzuri na sikuja kuwanyima. Taabu huanza pale jiko hilohilo linapobebwa hadi chumba cha kulala, mlango ukafungwa, na matambara yakasokomezwa kwenye nyufa za dirisha.

Makaa yakiwaka pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hata yale makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo wengi huyaona salama, huitoa, tena kwa wingi. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, nguvu zinaisha. Aliye macho atadhani ni uchovu wa shamba. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Watoto na akina mama wajawazito wako hatarini zaidi.

Wapo wanaosema sufuria ya maji ikiwekwa juu ya jiko hunyonya gesi. Hainyonyi. Lile jiko la kisasa lenye udongo ndani linapunguza makaa, na hilo ni jema kwa mfuko, lakini gesi ni ileile. Dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole nalo si la kutegemea.

Sasa, kwa nini jiko linafika chumbani? Mara nyingi ni kwa sababu kazi zimechelewa. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba mwanamke nchini hutumia zaidi ya saa nne kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi, bila malipo, na mwanamume hafikishi hata saa moja. (Naona wanaume wenzangu mnatazama viatu.) Mama anakula wa mwisho, anaosha vyombo, na saa nne usiku chumba ni barafu na makaa bado ni mekundu. Analibeba jiko. Nani atamlaumu?

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la nyumba nzima. Mahindi na maharagwe yakilowekwa asubuhi, githeri inaiva mapema. Mvulana wa darasa la saba anaweza kuosha sufuria, mikono yake haitayeyuka. Na kulitoa jiko nje kuwe na mwenyewe. Kwangu ningemchagua baba. Kila usiku alitoe, aliweke mbali na mlango na dirisha, azime makaa kwa mchanga ili yatumike kesho. Kitandani, tumieni soksi, blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa na kuviringishwa kitambaa.

Ukimkuta mtu amezirai chumbani penye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, usikae humo ndani. Wapigie kamsa majirani, piga simu 999 au 112, na mpelekeni hospitali hata akizinduka, kwa sababu huenda akahitaji oksijeni. Mwelezeni daktari kwamba kulikuwa na jiko la makaa. Bila hivyo anaweza kuanza kutafuta malaria.

Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Akifika kwako, mwonyeshe mnapolala na mnapopikia. Naona mkono umeinuka pale nyuma. Mama, karibu, uliza.