Ukumbusho Ukutani: Mchoraji wa Watawala na wa Walioumizwa

(Mada iliyotolewa kwa wanakamati wa Haki na Amani wa parokia, Dodoma)



Nimeombwa niseme juu ya kumbukumbu na haki. Pengine mlitazamia nianze na nyaraka za Kanisa. Mniwie radhi, leo nitaanza na ukuta.

Ukiingia katika ofisi ya serikali hapa Dodoma, macho yako hukutana na picha ya Rais aliye madarakani, na mara nyingi karibu yake picha ya Baba wa Taifa. Ndivyo ilivyo pia katika maduka yetu mengi. Sisemi kwamba ni vibaya. Taifa lina haki ya kuwaheshimu viongozi wake. Lakini nawauliza: mtu aliyeumizwa na mwenye nguvu, picha yake hutundikwa ukuta gani?

1. Mchoraji wa mfalme

Katika nchi ya Hispania aliishi mchoraji aitwaye Francisco Goya, aliyezaliwa mwaka 1746. Mwaka 1789 aliteuliwa kuwa mchoraji wa mfalme, na mwaka 1799 akapewa cheo cha mchoraji mkuu. Alimchora Mfalme Carlos wa Nne na jamaa yake yote, pamoja na hariri zao na nishani zao. Ilikuwa kazi ya heshima na yenye mshahara mzuri.

Lakini mtu huyo alipatwa na ugonjwa mkali uliomwacha kiziwi, kisha vita vikaifikia nchi yake. Tarehe 2 Mei 1808 watu wa Madrid waliyainukia majeshi ya Kifaransa. Usiku uliofuata wengi walikamatwa na kupigwa risasi. Mwaka 1814 Goya aliichora habari hiyo. Askari wamepangwa mstari mmoja, nyuso zao hazionekani. Mbele yao amepiga magoti mtu wa kawaida mwenye shati jeupe, amenyosha mikono kama msalabani. Na katika kiganja chake cha kulia kuna alama kama ya msumari. Mkono uliozoea kupaka dhahabu kwenye mavazi ya mfalme ulikuwa umejifunza kuchora jeraha la mtu asiye na jina.

Zaidi ya hayo, Goya alichora maovu ya vita hivyo katika mabamba 82 ya shaba. Hakuthubutu kuyatangaza. Karibu yote yalichapishwa mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Tukumbuke jambo hili: ukweli uliohifadhiwa vizuri unaweza kungoja.

2. Ndugu yetu wa Lubumbashi

Tusidhani kwamba habari hizi ni za Ulaya tu. Mwaka 1947, katika mji ulioitwa Elisabethville, leo Lubumbashi, alizaliwa mtoto aitwaye Tshibumba Kanda Matulu. Alikua akawa mchoraji. Hakuwa na mfalme wa kumlipa mshahara. Wateja wake walikuwa watu wa mjini, wafanyakazi na makarani, walionunua picha kwa bei ndogo na kuzitundika sebuleni. Mara nyingi alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga.

Watu wa huko, ndugu zetu katika lugha, walikuwa na neno la kueleza kazi ya picha hizo. Waliziita ukumbusho. Hawakuzitundika ili kupamba nyumba tu, bali zimkumbushe mwenye nyumba na mgeni wake yale waliyoyapitia.

Mojawapo ya picha zilizopendwa sana ilijulikana kwa jina la Kifaransa lenye maana ya “Koloni la Wabelgiji”. Ni uwanja wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kwa kiboko, na bwana mkubwa wa Kizungu amesimama akitazama. Wanawake wamekuja na chakula cha waume zao. Nani angependa kula chakula cha jioni akitazama picha kama hiyo? Hata hivyo watu waliinunua, tena miaka mingi baada ya uhuru, wakati wa utawala wa Mobutu. Wataalamu walioishi nao wanatueleza sababu: mwenye nyumba aliweza kusema kwamba picha ni ya zamani, lakini aliyeitazama alijua kwamba bendera imebadilika na kiboko kimebaki.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanazuoni Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Akamweleza kwamba yeye si mchoraji tu, bali ni mwanahistoria, na kwamba anataka kuichora historia yote ya nchi yake. Akaichora katika picha zipatazo mia moja. Walizungumza juu ya kila moja kwa Kiswahili, na mazungumzo hayo yakarekodiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996, na picha zenyewe zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam.

3. Njia iliyopita kwetu

Miongoni mwa watawala walioingia katika mfululizo huo ni Msiri, mfalme wa Garenganze, ambaye makao yake yalikuwa Bunkeya. Huyu si mgeni kwetu: asili yake ni Unyamwezi. Mwaka 1891 Kapteni Stairs aliongoza msafara uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ulianza Bagamoyo, ukapita humu humu Ugogo, ukafika Tabora, ukavuka Ziwa Tanganyika. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa kwa risasi, na afisa aliyempiga, Bodson, akafa pia. Kwa hiyo wapagazi waliokunywa maji ya visima vya Ugogo walikuwa wamebeba risasi za kumwulia mfalme aliyetoka kwa majirani zetu. Je, ni wangapi kati yetu tuliowahi kusimuliwa habari hiyo?

4. Misalaba mitatu

Picha iliyonigusa kuliko zote ni ile ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba amewalaza wote watatu chini. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba, na juu ya ardhi inaandika neno moja: umoja. Kwa mbali inaonekana misalaba mitatu.

Mimi kama padri yanipasa kusema wazi: Lumumba hakuwa Kristo. Alikuwa mwanasiasa mwenye vipaji na makosa yake. Lakini mchoraji huyu alielewa fundisho ambalo sisi tuliosoma teolojia huweza kulisahau, kwamba Bwana amejifananisha na anayeteswa. Tukiri pia kwamba Kanisa katika Kongo ya kikoloni lilikaa karibu mno na serikali na makampuni, hata mara nyingi halikusikia mlio wa kiboko. Mlei aliyechora kwenye gunia la unga alisema yale ambayo wengi wa mimbarini hawakuyasema.

Wauaji walitaka pasibaki kitu cha kukumbuka: miili iliyeyushwa katika asidi. Lakini jino moja lilibaki mikononi mwa polisi Mbelgiji, na mwezi Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa yake. Miaka 61 ilikuwa imepita. Tshibumba hakuiona siku hiyo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikoma, na hata kaburi lake halijulikani.

5. Na sisi je?

Mtaniambia: Padri, sisi si wachoraji. Lakini nendeni Kolo, wilayani Kondoa. Wazee wa kale walichora juu ya miamba wanyama na watu, na tangu mwaka 2006 michoro hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyanda hizi kavu zilijua kuweka ukumbusho kabla hazijajua kusoma.

Niruhusuni niungame jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita nilimtembelea bibi mmoja katika kigango kilicho pembezoni mwa mji huu unaokua. Alinionyesha karatasi ya daftari ambayo mjukuu wake alikuwa amechora kwa kalamu ya risasi: tembe, mbuyu, na vilima vitano vya makaburi. Akaniambia, “Baba, nimemwambia achore, maana nikifa mimi hakuna atakayejua kwamba chini ya barabara ile wamelala watu.” Wazazi wake walikuwa wamezikwa pale. Ardhi ilichukuliwa, fidia ya mimea ikahesabiwa, makaburi hayakuulizwa. Nilikunywa chai yake, nikambariki, nikaondoka. Sikuandika neno lolote, wala kamati yetu haikuandika. Niliporudi mwaka uliofuata, bibi alikuwa amefariki, na mjukuu alikuwa amehama. Sijui karatasi ile iko wapi.

Ndiyo maana nawasihi: kila kamati iwe na daftari. Pakitokea dhuluma, iandikwe tarehe, mahali, aliyetendwa, aliyetenda, na walioshuhudia. Isikilizwe pande zote mbili, ya mkulima na ya mfugaji, ya mwananchi na ya ofisi. Pasiandikwe uvumi.

Tena tujihadhari. Kumbukumbu ni kama moto: hupika, na huunguza. Tshibumba alikuwa wa asili ya Kasai. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili hiyo walifukuzwa kwa maelfu kutoka Katanga, na waliowafukuza walikuwa na orodha yao ya makosa ya zamani. Ukumbusho unaohesabu majeraha ya ukoo wetu peke yake huishia kwenye panga. Damu ile katika picha haikuandika “kisasi”.

Basi, picha za viongozi zibaki mahali pake. Lakini pembeni yake tuache nafasi ukutani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni tukio gani la dhuluma ambalo wazee wanalijua na vijana hawalijui?
2. Je, kuna mtu ambaye tumemsikiliza, tukamwombea, lakini hatukuandika habari zake? Nani atakwenda kwake wiki hii?
3. Katika kumbukumbu zetu, ni kosa gani tulilolitenda sisi wenyewe ambalo tumeliacha nje?