Boriti za Nyumba za Kale
(Maneno ya hotuba)



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalitazami mpaka mchanga uanze kuwaangukia kitandani, nalo ni dari. Nasema hasa habari za nyumba za mawe za Lamu, mji ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mgeni aingiapo katika nyumba hizo hustaajabu kuona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake si uchache wa mawe, ni boriti. Mti wa mkoko uliolazwa toka ukuta hata ukuta hauchukui mzigo huo kwa salama ukizidi futi 9 hivi. Kwa hiyo mti ndio uliopima chumba. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, na juu yake humwagwa chokaa na kokoto, ikapondwa mpaka iwe sakafu ngumu. Hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu, au ndiyo paa lenyewe. (Makuti myaonayo juu ya nyumba nyingi husimama juu ya paa hilo, kufunika jiko na kuleta kivuli.)

Basi hatari yatoka wapi? Wengi huitazama boriti katikati, kumbe mara nyingi kuoza huanza nchani, pale iingiapo ukutani, ambapo jicho halifiki. Tena mwenye nyumba akiona paa lavuja, huongeza tabaka la chokaa juu ya lile la zamani. Mwaka mwingine huongeza tena. Uvujaji hupungua, lakini uzito huzidi, na mti ni ule ule. Saruji nayo, ambayo watu huisifu kwa ugumu wake, huzuia unyevu usitoke ukutani, ukabaki humo ukiila boriti.

Kabla ya masika, chukueni msumari mrefu mkachome kila boriti karibu na ukuta. Ukizama kwa wepesi kama katika muhogo uliopikwa, tegemezeni dari kwa nguzo siku ile ile, mkawahamishe watoto walalao chini yake, ndipo mkamwite fundi. Naye abadilishe boriti zilizooza moja baada ya moja, wala asiziondoe zote kwa pamoja. Tabaka la zamani lipunguzwe kwanza, taratibu, kabla ya kutiwa jipya, na litiwe kwa chokaa.