Kompyuta Ikigoma Baada ya BIOS Kusasishwa: Kufomati Kusubiri Kwanza



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka kompyuta yenye TPM 2.0 na Secure Boot, na baadhi ya mashine kuukuu hazitimizi masharti hayo mpaka BIOS isasishwe. BIOS ni ile programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu, inayoamka kabla ya Windows yenyewe.

Chukua mfano wa mwenye saiba pale Molo. Anasasisha BIOS jioni. Asubuhi anawasha mashine na kukuta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Fundi wa kwanza anayeitwa anasema, "Hii ni ya kufomati tu." Ndani ya diski hiyo mna hesabu za chama, CV za vijana wanaotafuta kazi na mradi wa mwanafunzi ambaye hana nakala nyingine. Ikifomatiwa itawaka, ni kweli. Vilivyomo vitakuwa vimekwenda.

Ilhali mara nyingi diski ni nzima. BIOS inaposasishwa huweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mpangilio mmoja unahusu jinsi bodi inavyowasiliana na diski: AHCI au RAID. Windows huamka kwa draiva ya mpangilio ulioikuta. Ukibadilishwa, Windows haioni diski yake. Dawa ni kuingia kwenye BIOS, kwa kitufe cha F2 au Delete katika mashine nyingi, kurudisha mpangilio wa awali, kuuhifadhi na kuwasha upya. Ni kazi ya dakika chache na haigusi faili hata moja. Ndiyo maana mwenye busara hupiga picha za kurasa za BIOS kwa simu kabla ya kusasisha chochote.

Kuna skrini nyingine inayotisha: ile inayodai ufunguo wa BitLocker, wenye tarakimu 48. Haimaanishi mashine imevamiwa. Kufuli ya diski imegundua kwamba BIOS si ile ya jana, basi inauliza mwenyewe ni nani. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na unaweza kusomwa kwa simu. Usipopatikana, hakuna fundi awezaye kuifungua diski hiyo, hata akidai malipo makubwa kiasi gani. Kwa hiyo ufunguo uandikwe kwenye karatasi mapema, na BitLocker isimamishwe kwa muda kabla ya kusasisha.

Pengine mashine inawaka vizuri, ila sauti au Wi-Fi imetoweka. Watu wengi hukimbilia kutafuta draiva. Kwanza itazamwe BIOS: kifaa kikiwa kimezimwa humo, draiva haitasaidia. Kikiwa hakijazimwa, ifunguliwe Device Manager na kutafutwa alama ya njano ya mshangao. Modeli ya mashine husomwa kwa kuandika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, kisha draiva zichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine hiyo, ya chipseti ikitangulia. Zile programu zinazojinadi kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziachwe. Baadhi huleta virusi. Asiye na mtandao kwenye mashine anaweza kuunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia bando lake.

Jambo la stima halina mzaha. Umeme ukipotea katikati ya kusasisha BIOS, bodi yenyewe inaweza kufa. Laptopu iwe kwenye chaja na betri ijae. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Siku ya mvua ya radi kazi hiyo iahirishwe, na matangazo ya Kenya Power ya kukatwa umeme yasomwe kwanza.

Hata bodi ikifa, diski isiyofungwa kwa BitLocker huweza kutolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Mteja amwambie fundi hivyo kabla hajamwachia kompyuta.