Mali ya Mwanafunzi Iliyo Mkononi mwa Mwalimu

Hotuba iliyosomwa mbele ya memba wa chama, Morogoro Mjini



Tumeombwa tuseme jioni hii juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mkaliona dogo, nalo ni desturi ya mashule kutwaa kutoka kwa wanafunzi vitu vilivyokatazwa. Kwetu si dogo. Katika walioketi humu wapo walimu, wapo makarani wa halmashauri, wa mahakama na wa hospitali, na karibu sote ni wazazi au walezi. Kwa hiyo jambo hili latuhusu pande zote mbili: upande wa mkono unaotwaa na upande wa mkono unaopokonywa.

Kwanza twataka ieleweke kwamba hatukuja kuitetea simu shuleni. Simu imekatazwa kwa wanafunzi wa shule zetu za serikali, na karatasi ya maelekezo ya kujiunga anayopewa mzazi husema hivyo waziwazi. Sababu zake twazijua. Mwalimu aliye peke yake mbele ya darasa lililojaa hawezi kushindana na mchezo wa kubeti unaochezwa chini ya dawati, wala na picha za aibu zinazopitishwa bwenini usiku. Katika chumba cha mtihani wa Taifa simu hairuhusiwi kabisa. Wala si sisi peke yetu tulio katika shauri hili: Shirika la UNESCO lilieleza mwaka 2023 kwamba katika kila nchi nne za dunia ipungukayo moja ilikuwa imekwisha kukataza simu shuleni kwa sheria au kwa agizo la serikali, na Ufaransa ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2018. Basi katazo lenyewe tuliache mahali pake. Maneno yetu yanaanzia pale ambapo kitu kimekwisha kutwaliwa, nacho kimo mfukoni mwa mwalimu, na kengele ya kipindi kinachofuata imelia.

Lalamiko moja lilitufikia, nasi tutalieleza bila kuitaja shule. Mama mmoja wa Kinole, ashushaye ndizi kuja kuuza hapa mjini, ana binti aliyepangishiwa chumba karibu na shule, maana kupanda na kushuka mlima kila siku hakuwezekani. Mama alimpa binti simu ndogo ya vitufe ili usiku ajue kama mtoto yu salama. Mtoto akaenda nayo shuleni, kinyume cha amri, ikaonekana, ikatwaliwa na mwalimu wa zamu. Mama alipokuja akaambiwa angoje hata shule itakapofungwa. Shule ilipofungwa mwalimu yule alikuwa amehamishwa wilaya nyingine. Mkuu wa shule hakuwa na habari. Ikafunguliwa droo moja yenye simu nyingi zisizo na majina, na ya mama yule haikuwamo.

Mtasema ni simu ya bei ndogo. Walakini tazameni ni kitu gani kilichokuwa ndani yake. Tangu mwaka 2019 laini za simu katika nchi yetu huandikishwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na zile zisizoandikishwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Mtoto wa shule hana kitambulisho hicho. Laini aliyo nayo ni ya mzazi, kwa jina la mzazi na kwa kidole cha mzazi. Katika laini hiyo mama yule alikuwa akipokelea fedha za kikundi chake cha kuweka na kukopa. Likitendeka neno baya kwa laini ile, atakayeulizwa kwanza ni yeye. Shule ilidhani imemwadhibu mtoto, kumbe aliyeadhibiwa ni mama asiyevunja amri yoyote.

Hatusemi kwamba mwalimu yule aliiba. Pengine aliiacha, pengine mwingine aliichukua, pengine imo katika sanduku la chaki hata leo. Hapana ajuaye, nasi twasema kosa lenyewe ndilo hilo la kutojulikana.

Ndugu memba, sisi ni watu wa daftari. Tangu siku zile Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika kule Tanga mwaka 1922, sifa ya mtumishi imekuwa kitabu chake. Karani wa stoo akipokea pipa la rangi huandika. Mtunza fedha akipokea shilingi elfu hutoa stakabadhi, na mkaguzi akija huuliza nakala yake. Polisi wakikamata baiskeli huiandika katika kitabu cha vielelezo. Ni ajabu basi kwamba mtumishi wa serikali hiyo hiyo, katika jengo la serikali, huweza kupokea mali ya raia kwa mkono wake, pasipo mstari mmoja wa wino.

Lugha yetu yatofautisha mambo haya vizuri. Kutwaa si kunyang'anya, na kunyang'anya si kutaifisha. Mwenye kutwaa ili kuzuia madhara amepokea amana, na mwenye amana huulizwa habari zake. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria, tena inakataza kumnyang'anya mtu mali yake pasipo idhini ya sheria yenye masharti ya fidia inayostahili. Haisemi kwamba haki hiyo huachwa langoni mwa shule. Mwalimu anao uwezo wa kukiondoa kitu darasani, nasi twauheshimu uwezo huo. Lakini kukiondoa kitu darasani hakumfanyi yeye wala shule kuwa mwenyewe.

Zipo shule ambazo simu zilizokamatwa hupondwa kwa nyundo mstarini, wanafunzi wote wakitazama, au hutiwa moto. Watendao hivyo husema ni fundisho. Sisi twauliza: ni fundisho la nini? Watoto mia kadhaa wameona mtu mwenye cheo akiharibu mali ya mzazi asiyekuwapo, wala hakuandika neno. Baadhi ya watoto hao ndio makarani wa kesho.

Tena tuifikirie habari ya Chunya, katika mkoa wa Mbeya, maana inaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kukua. Mwezi Oktoba 2019, katika shule ya sekondari ya Kiwanja, mabweni yaliungua, na wanafunzi wakatuhumiwa kwamba waliyachoma baada ya shauri la simu walizokatazwa kuwa nazo. Mkuu wa Mkoa wa wakati ule, Bwana Albert Chalamila, alifika akawachapa viboko wanafunzi 14 mbele ya watu, na picha zake zikaenea nchi nzima. Rais Magufuli naye akamsifu. Kuchoma bweni ni jinai, wala hatumwonei huruma mwenye kiberiti. Lakini Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kila mara jambo hilo liandikwe katika kitabu. Mkuu wa Mkoa hamo katika orodha hiyo. Nasi twaona neno la kushika hapa: hata fimbo, ambayo wengi wetu hatuipendi, imewekewa kitabu. Je, simu ya mama yule haistahili walau kile kinachostahili fimbo?

Sasa tutazame vitu vyenyewe, kwa kuwa huwekwa vyote katika kapu moja ijapokuwa havifanani.

Kisu na bangi ni mbali. Hivyo si vya kuwekwa kwenye droo hata usiku mmoja. Mwalimu akamataye bangi akaiweka katika meza yake, akingoja kikao cha nidhamu cha Ijumaa, amejitia hatarini yeye mwenyewe, kwa maana sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ni kali sana kwa apatikanaye nazo. Aite mwenzake ashuhudie, aandike, amwarifu mkuu, nao polisi waitwe siku ile ile. Chakula huoza, mtoto akirudi bwenini na maandazi au karanga, kuyatwaa kisha walimu wakayala na chai ni jambo la kuaibisha, nalo tumelisikia zaidi ya mara moja. Sweta la rangi isiyo ya shule ni nguo ya mtoto, na asubuhi za Juni watu wa Mgeta wanajua baridi ni nini. Livuliwe darasani ikiwa ni lazima, lakini jioni arudishiwe.

Kisha kuna hirizi. Katika milima yetu ya Uluguru mtoto huweza kushuka mjini na uzi kiunoni au mkononi aliofungwa na bibi yake. Hatutaki kujadili hapa kama ina nguvu au haina. Memba wa chama hiki ni wa dini mbalimbali, na tukianza hatutamaliza leo. Twasema tu kwamba kuikata kwa mkasi mbele ya darasa linalocheka hakumfundishi mtoto hesabu wala adabu. Mwalimu mwenye shaka amwite mlezi. Na mlezi huyo, kwa desturi ya Waluguru, aghalabu atakuwa mjomba, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi asirudishwe langoni kwa kuambiwa kwamba shule ilimtaka baba.

Upekuzi una adabu zake pia. Kufungua tranka za bweni zima usiku wa manane, wasichana wakisimamishwa nje kwa nguo za kulalia, na viranja wa kidato cha juu ndio wapekuzi, ni jambo tusiloweza kulinyamazia. Afrika Kusini iliongeza kifungu mwaka 2007 katika sheria yake ya shule ya mwaka 1996, kinachohusu dawa za kulevya na vitu vya hatari. Mpekuzi wa mwili sharti awe wa jinsia moja na mwanafunzi, mahali pa faragha, awepo shahidi mtu mzima wa jinsia hiyo hiyo, kitu kinachopatikana kibandikwe karatasi yenye jina, tarehe na saa, kiandikwe katika kitabu cha shule, na polisi wakikabidhiwa watoe stakabadhi. Yeyote aliyepata kukaa katika stoo ya serikali ataona hapo mkono wa karani mwema.

Neno la kusoma simu tulitaje kwa ufupi. Kutwaa simu ni jambo moja; kuifungua na kusoma barua za mtoto, au za mama yake kama laini ni ya mama, ni jambo lingine kabisa. Ibara ya 16 ya Katiba inahifadhi mawasiliano ya mtu. Izimwe mbele ya mwenyewe, iwekwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe.

Uingereza ilifuata njia yake: sheria yake ya mwaka 2006 humkinga mwalimu asidaiwe kitu kikipotea au kikiharibika, maadam alikitwaa kwa haki. Twaona sheria hiyo imemtazama mwalimu zaidi kuliko mwenye mali, ingawa tunakubali kwamba mwalimu naye ahitaji kinga. Ufaransa twaipenda zaidi katika neno hili, kwa sababu sheria yake inasema kwamba kanuni za ndani za kila shule zieleze jinsi simu itakavyotwaliwa na jinsi itakavyorudishwa. Kurudisha kumewekwa katika sheria pamoja na kutwaa.

Kwa hiyo tumeleta shauri hili, ili memba walio walimu walipeleke kwa wakuu wao, na memba walio katika bodi na kamati za shule waliweke katika ajenda kabla ya muhula kufunguliwa. Kinachotakiwa ni daftari moja lenye mistari na kitabu kimoja cha stakabadhi chenye nakala, ambavyo bei yake haifiki bei ya simu moja iliyopotea. Katika daftari ziandikwe tarehe na saa, jina la mwanafunzi na kidato, kitu chenyewe pamoja na rangi na hali yake, kama kioo kimepasuka isemwe kimepasuka. Jina la aliyetwaa, jina la shahidi, na siku ya kurudisha. Mwanafunzi atie sahihi. Stakabadhi impe mzazi au mlezi haki ya kuja, na siku ya kurudisha isipite kufungwa kwa muhula. Mali ikae katika kabati la chuma ofisini mwa mkuu, si katika droo ya mtu. Mwalimu akihamishwa, asikabidhi tu vitabu vya kufundishia; akabidhi na alichotwaa, na daftari litiwe sahihi na wote wawili. Kitu kisichodaiwa kwa muhula mzima kipelekwe mbele ya bodi, nayo iandike imekifanyia nini.

Wenzetu walimu wametuuliza ni nani atakayeandika hayo yote, nao wana kazi nyingi. Swali ni la haki. Shule yenye karani, kazi iwe ya karani, naye ashike ufunguo mmoja na mkuu ashike wa pili. Shule isiyo na karani, na shule nyingi za kata hazina, mwalimu wa zamu aandike kabla hajaondoka shuleni jioni. Memba watatu wamejitolea kuchora kurasa za mfano na kuzipiga chapa. Atakayezitaka amwone katibu mwisho wa mkutano huu, aje na jina la shule yake na idadi ya kurasa anazohitaji.