Ijaribu Wewe Kwanza

Kama uko Westlands, Nairobi, umekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way na mtoto kiti cha nyuma ameshika simu yako, haya yanakuhusu.

Kabla ya kuuliza umpakulie mtoto programu ipi, uliza ana umri gani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: chini ya miaka miwili, skrini haipendekezwi, kuanzia miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora.

Ukishaipakua programu, zima data, kisha ichezee wewe dakika kumi. Ikigoma kufunguka, jua itakumalizia bando. Washa data tena uangalie matangazo. Ile alama ya X ya kuyafunga huwa ndogo kama punje ya mtama. Kidole cha mtoto hugusa pembeni, mara mko dukani mtandaoni. Na ikiomba kusoma namba ulizohifadhi, ifute. Mchezo wa kupaka rangi unataka namba ya shangazi yako ya nini? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kuchukuliwa.

Lugha nayo? Shirika la Ubongo la Dar es Salaam hutengeneza katuni za Akili and Me, za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na zipo kwa Kiswahili. Mimi ningeanzia hapo. Ila keti naye: akiona embe kwenye skrini, mpe la kweli alishike.